Pini haihitaji pembejeo

Majuzi nilipewa mwongozo wa kufunzia vijana wa Kibera na Kawangware kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Umeandika "pini za pembejeo". Jamani, pembejeo si mbegu na mbolea? Kati ya pini 40 za bodi hiyo, zile za ishara huamuliwa na programu: zipokee au zitoe. Hazistahimili zaidi ya volti 3.3. Ukidhani pini inapokea kumbe inatoa, huenda ukaiunguza bodi. Kijana mmoja wa Kawangware alimwonya mwenzake nikisikia: "Hii inasikiza, hiyo inaongea. Ukichanganya, umeichoma!" Huyo amefasiri vizuri kuliko mwongozo. Napendekeza "pini pokezi" na "pini toaji". Ila tuanze kwa kuwasikiliza wanaozishika.