Asilimia ya Waliofaulu Haitoshi: Kuhusu Uchambuzi wa Mitihani ya Kemia

Ukiingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), utakuta taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Chukua ya Kemia, kidato cha nne. Kwa kila swali unaambiwa ni asilimia ngapi ya watahiniwa waliopata angalau asilimia 30 ya alama za swali hilo. Wakiwa asilimia 65 au zaidi, swali linapewa rangi ya kijani. 30 hadi 64, njano. Chini ya hapo, nyekundu. Kisha unaonyeshwa nakala za majibu halisi, mazuri na mabovu.

Hii ni kazi ya maana, na mwalimu wa Kibosho au Rombo anaipata bure. Lakini asilimia hiyo inakuambia jambo moja tu: swali lilikuwa gumu kiasi gani. Haikuambii kama swali lilimtenganisha anayejua kemia na asiyejua. Na alama ya Kemia ndiyo inayoamua nani asome PCB na nani aanze kuota udaktari pale KCMC.

Hebu tujaribu kwa mfano wa kubuni. Darasa la Moshi mjini lina wanafunzi 100. Wapange kwa jumla ya alama, halafu chukua 27 wa juu na 27 wa chini. Kwa nini 27? Mwaka 1939 Truman Kelley alionyesha kwamba ukikata kwenye asilimia 27, makundi yanatofautiana vya kutosha na bado yana watu wa kutosha. Sasa tazama maswali matatu ya kuchagua.

Swali la kwanza ni la hesabu za moli. Wa juu 24 wamepata, wa chini 6. La pili limeandikwa kwa mafumbo, kila mtu anabahatisha: wa juu 15, wa chini 15. La tatu linauliza maji safi huchemka kwenye nyuzi ngapi za Selsiasi. Machaguo 97 na 100 yote yamo, na msahihishaji anataka 100. Wa juu wamepata 10, wa chini 20.

Umeona? Kila swali limepatwa na wanafunzi 30 kati ya 54, kama asilimia 56. Kwa asilimia peke yake, yote matatu ni njano. Sasa toa idadi ya wa chini kwenye ya wa juu, ugawe kwa 27. La kwanza linapata 0.67, la pili 0, la tatu hasi 0.37. Kwa kawaida swali lenye 0.3 na kuendelea huhesabiwa kuwa zuri.

Hiyo hasi imetoka wapi? Moshi mjini iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko pwani. Maji huchemka karibu nyuzi 97. Panda Marangu, zinapungua zaidi. Kileleni Uhuru, mita 5,895, ni kama nyuzi 80 hivi. Aliyepima kwa kipimajoto maabara, au anayeelewa kwa nini maharage huchelewa kuiva ukipanda mlimani, atachagua 97. Aliyekremu atachagua 100. Mtunzi alisahau kutaja kanieneo, na anayeadhibiwa ni anayejua.

Ila kipimo hiki nacho usikiamini kama ramli. Wa juu na wa chini wamepatikana kwa mtihani uleule. Kama mtihani mzima ni wa kukariri, wakariri ndio watakaokuwa juu, na lile swali la maji litaonekana zuri sana. Halafu kuna lugha: Kemia ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza. Swali refu la Kiingereza kizito linaweza kupata 0.6 kwa kupima Kiingereza tu. Njia rahisi ya kujua ni kumwita aliyekosa na kumwuliza swali hilohilo kwa mdomo, kwa Kiswahili.

Kwa hiyo ombi kwa Baraza ni dogo: pembeni ya rangi, wekeni safu moja inayoonyesha tofauti kati ya wa juu na wa chini. Nawe mwalimu, huna haja ya kusubiri. Darasa la wanafunzi 40 linahitaji karatasi 11 za juu, 11 za chini na kalamu. Ukikuta swali lenye hasi, kwanza kagua majibu yako ya kusahihishia, kisha maneno ya swali, kabla hujawalaumu wanafunzi.