Sifa za Mshipi

Mvuvi wa mshipi wa Ziwa Victoria, kuanzia Musoma hadi Bunda, wengi humwona mbahatishaji tu. Mimi namwona fundi kuliko wote ziwani, kwa sababu samaki wake hufika mtumbwini akiwa hai, na uamuzi wa nani aliwe na nani arudi majini hubaki mkononi mwake. Sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, wadogo wapate kukua. Wavu uliolala majini usiku kucha hutoa samaki ambao wengi wao wamekwisha kufa, na hapo rula haina la kuokoa. Mshipi nao una masharti yake. Chambo, furu au kambale mdogo, hutungwa ndoano chini ya pezi la mgongo, juu ya uti, ili aendelee kuogelea. Uzi hupita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho kinachopambanua chambo anayehangaika na sangara anayemvuta. Mvuvi akichelewa kukaza, ndoano humezwa hadi tumboni. Akiwahi, hushika mdomo. Kisha avute polepole, maana sangara anayepandishwa haraka kutoka kilindini kibofu chake cha hewa hutanuka, na hata akiachiwa huelea.

Watasema mshipi haulishi kaya, na kwamba viwanda vya minofu haviwezi kusubiri kidole cha mtu. Ni kweli mshipi haujazi mtumbwi. Lakini tangu nyavu za kutega zilipoingia ziwani mwaka 1905, haikuchukua muda mrefu: mtafiti wa uvuvi Michael Graham alipofanya utafiti wake mwaka 1927 na 1928, samaki aina ya ngege walikuwa tayari wanapungua upande wa Kenya. Ningu naye, anayepanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, hana pa kupita mlango wa mto ukizibwa kwa wavu, uwe Mara au mwingine. Wingi wa leo tunaukopa kwa samaki ambao hawajazaliwa.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya chambo. Furu walikwisha kumalizwa kwa kiasi kikubwa na sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Kuwatunga ndoanoni ni kuwaongezea adui. Ndiyo maana migonzo, yaani kamba ndefu zenye mamia ya ndoano, inayoachwa ijitegee hadi asubuhi, siisifu kabisa. Kwa mshipi, kambale wa kufugwa bwawani anafaa kazi hiyohiyo ya chambo, na bwawa la chambo kijijini ni gharama ambayo kikundi cha wavuvi kinaweza kuibeba.