Kazi ya Mikono Isiyo na Jina

Siku hizi chombo kikivunjika hatuulizi kilitengenezwa na nani. Beseni la plastiki likipasuka linatupwa jalalani, jioni tunanunua jingine. Ndiyo maana vyombo vilivyofukuliwa Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru, vinatusuta.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba kilimani hapo mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi ya wafugaji wa kale. Wanawake walikuwa wamezikwa na mabakuli, sahani na michi ya mawe; wanaume hawakuwekewa vyombo hivyo. Katika pango la Mto Njoro, ambako yeye na mumewe Louis walichimba mwaka 1938, kulikuwa na mabaki ya watu wapatao 80 ambao maiti zao zilichomwa moto miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Humo pia marehemu waliagwa kwa mabakuli, mawe ya kusagia na michi.

Hebu fikiria bakuli moja tu. Chuma hakikuwapo. Fundi aligonga jiwe la volkano kwa jiwe jenzake, punje baada ya punje, hadi tumbo la bakuli likatokea. Pigo moja la pupa lingetosha kulipasua, na jasho lote likaenda bure.

Wakataji wa obsidiani nao walikuwa na mtihani wao. Jiwe hilo jeusi, linalong'aa kama chupa, halisamehe. Ukikosea pembe, linameguka ovyo. Ukipatia, linatoa ubapa mrefu, mwembamba, wenye makali pande zote mbili. Walilitafuta hadi mlima Eburru, karibu na Naivasha, na obsidiani ya huko imekutwa mbali kuelekea Ziwa Viktoria. Watu waliotembea na mifugo yao walikubali kubeba mzigo wa mawe, kwa kuwa walilijua jiwe zuri.

Na wafinyanzi je? Vyungu vya aina ya Narosura, vilivyopewa jina la mahali huko Narok, vina safu za vitone vilivyokandamizwa kwa kitu chenye meno udongo ungali mbichi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta katika vigae vya wafugaji wa Kenya na Tanzania mabaki ya nyama, maziwa na mimea. Maziwa hayo yangekaa vilevile katika chungu kisicho na nakshi. Mfinyanzi alipamba kwa sababu hakutaka kutoa kazi nusunusu.

Sisi tumeridhika na nusunusu. Wafinyanzi wetu wanazeeka bila wanafunzi, na vigae vya kale tunavikanyaga tukilima na kujenga. Ukiwa na bibi anayejua kufinyanga, keti naye ujifunze angali hai. Ukikuta kigae au ubapa wa obsidiani shambani, usiutie mfukoni: uache ulipo, uwaarifu watu wa makumbusho. Kitu cha kale kikishahamishwa bila kuandikwa kilikokutwa, nusu ya habari yake imepotea, na hakuna fundi wa leo awezaye kuirudisha.