Mafundi wa Majani na Mafundi wa Turubai

Mwaka 1937 mchezo wa tenisi ulikuwa umegawanyika nyumba mbili, na ukuta uliozitenga nyumba hizo haukujengwa kwa kipimo cha ustadi, bali kwa fedha. Upande mmoja walikaa wachezaji wa ridhaa, ambao kanuni iliwaruhusu kupokea vikombe, taadhima, nauli na gharama za malazi, lakini si ujira. Upande wa pili walikaa wachezaji wa kulipwa, ambao walikwisha kukiri hadharani kwamba riziki yao imo mikononi mwao, na kwa sababu ya kukiri huko wakafungiwa mashindano ya Wimbledon na yale ya Marekani ya Forest Hills, na Kombe la Davis juu yake, kana kwamba mtu akilipwa kwa kazi yake mkono wake hunajisika. Aghalabu wanaosimulia habari za mwaka ule huzisimulia kwa nyumba moja peke yake, wakawapanga mabingwa wa ridhaa katika safu na kuwaacha wa kulipwa nje ya hesabu. Mimi naona kwamba ustadi ulipenya ukuta ule kila siku, mara kutoka huku kwenda kule, mara kutoka kule kuja huku, na kwamba pambano adhimu kuliko yote ya mwaka ule, lililochezwa juu ya majani ya Wimbledon na watu wawili wa ridhaa, liliamuliwa kwa maarifa yaliyookotwa kwenye turubai la watu wa kulipwa.

Turubai hilo lilitandikwa Madison Square Garden, mjini New York, usiku wa tarehe 6 Januari. Fred Perry, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa Wimbledon miaka mitatu mfululizo, 1934, 1935 na 1936, alikuwa amejiunga na wachezaji wa kulipwa muda mfupi kabla, na klabu ile ile ambayo kwa miaka mitatu ilijifaharisha kwa jina lake ikamvua uanachama wa heshima. Aliyemkabili alikuwa Ellsworth Vines, Mmarekani mrefu mwembamba wa California, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1932, ambaye tayari alikuwa na miaka mitatu katika kazi hiyo. Watu zaidi ya 17,000 walihudhuria, Perry akashinda kwa seti tatu dhidi ya moja. Kisha mahasimu hao wawili wakafunga mizigo yao na kuanza safari ya miji ya Marekani, wakipambana usiku baada ya usiku, hata hesabu ilipofungwa Vines alikuwa ameshinda mara 32 na Perry mara 29.

Hesabu hiyo yataka kutazamwa kwa makini. Mchezaji wa ridhaa huenda akakutana na mpinzani wake mkuu mara mbili au tatu kwa mwaka, na akishindwa ana wasaa wa kupumzika, kutafakari na kujificha. Lakini watu hawa wawili walikutana mara 61, kila mmoja akimjua mwenziwe kama amjuavyo mtu aishiye naye nyumba moja, kila hila ikiwa imekwisha kuonekana, kila udhaifu ukiwa umekwisha kupigwa na kupigwa tena, na hata hivyo tofauti yao ikawa mapambano matatu tu. Uwanja wenyewe ulisafiri pamoja nao, maana ulikuwa turubai lililokunjwa na kupakiwa garini, likatandikwa leo katika ukumbi wa ngumi, kesho katika ukumbi wa magongo ya barafuni, likavutwa na kukazwa kamba. Na kwa kuwa sakafu ya chini yake haikuwa moja, mpira nao haukudunda namna moja, na taa za juu zilimulika kwa namna yake katika kila ukumbi. Fundi aliyefika saa za jioni akiwa na uchovu wa njia alipaswa kuujua uwanja mpya katika dakika chache za kupasha mwili moto, kisha acheze kwa ubora ule ule ambao watu wa mji huo walilipia kuuona. Wako waliosema kwamba michezo ya namna hiyo ni maonyesho tu wala si mashindano, nami nauona usemi huo kuwa dhuluma, kwa sababu kazi irudiwayo kila usiku mbele ya macho mapya, bila kupungua, ndiyo kazi ihitajiyo ustadi kuliko zote.

Ustadi wa Perry ulitoka katika meza. Kabla hajajulikana kwa raketi ya nyuzi alikuwa bingwa wa dunia wa tenisi ya mezani, mwaka 1929, na mchezo huo ulimfundisha kwamba mpira hauna haja ya kungojewa. Wakati wengine walirudi nyuma wakauacha mpira upande, ufike kileleni, uanze kushuka, ndipo waupige, yeye aliukuta ungali ukipanda kutoka ardhini, akaupiga kwa kiganja na kifundo cha mkono, pigo fupi la haraka, na mguu wake tayari ukielekea wavuni. Hakuupiga kwa nguvu kubwa. Alichompokonya mpinzani kilikuwa muda, na mtu aliyepokonywa muda hupiga akiwa hajasimama sawasawa, hata kama ana mkono wa chuma.

Vines alikuwa kinyume chake. Yeye aliungoja mpira ushuke mpaka mahali apendapo, akaupiga bapa, pasipo mzunguko wa kuuinamisha, ukapita juu ya wavu kwa nafasi isiyotosha kuingiza mkono, ukaanguka karibu na mstari wa nyuma kwa kishindo. Siku ambayo kipimo chake kilikuwa sahihi hapakuwa na mwanadamu wa kumzuia. Katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 1932 mpira wake wa mwisho wa kuanzisha ulimpita Bunny Austin kwa kasi ambayo Austin alikiri kwamba hakujua umepita kulia kwake au kushoto. Na siku ambayo kipimo kilipotea, mipira ile ile ilitoka nje au ikanasa wavuni, kwa kuwa mchezo usio na nafasi ya kukosea haumsamehe mwenye kuucheza. Ieleweke pia kwamba raketi za siku hizo zilikuwa za mbao, nzito, zenye kichwa kidogo, zilizowambwa nyuzi za utumbo, nazo hazikumsaidia mtu aliyeukosa mpira katikati. Kila kasi aliyoitoa Vines aliitoa kwa mpangilio wa mwili wake mwenyewe, kuanzia mguu hadi bega.

Katika majira hayo Don Budge, kijana wa Oakland mwenye nywele nyekundu, alikwenda kulitazama mojawapo ya mapambano yao. Yeye alikuwa wa ridhaa, umri wake miaka 21, na baada ya Perry kuondoka watu walimtazamia kushika nafasi iliyoachwa wazi. Alivyosimulia baadaye, alipokuwa ameketi akitazama alitambua jambo ambalo wachezaji wenyewe hawakulijali: Perry aliuwahi mpira lakini hakuupiga kwa nguvu, na Vines aliupiga kwa nguvu lakini hakuuwahi; basi mtu atakayeuwahi kama Perry na kuupiga kama Vines atamshinda kila mtu. Ni fikra nyepesi kuitamka, na nzito mno kuitenda, maana mpira ukiwahiwa huja na kasi yake yote, na anayeupiga kwa nguvu wakati huo yuko katika hatari ya kuukosa kwa unywele. Lakini Budge alikuwa na mwalimu, Tom Stow, ambaye alikwisha kumbadili namna ya kushika mpini katika pigo la kiganja, akamfundisha kuwa kila pigo lina nia; tena alikuwa na pigo la mgongo wa mkono ambalo wajuzi wengi mpaka leo hulihesabu kuwa la kwanza katika historia ya mchezo huu.

Pigo hilo nalo lina asili yake. Utotoni Budge alicheza besiboli, akipiga kwa upande wa kushoto, na mwendo ule wa gongo, mabega yakigeuka kwanza, uzito ukihamia mguu wa mbele, mkono ukifunguka mwishoni, ndio aliouhamishia katika tenisi. Wachezaji wengi walilitumia pigo la mgongo wa mkono kama ngao, wakiukata mpira ili urudi tu. Yeye alilifanya upanga. Raketi yake ilikuwa nzito kuliko za wengi, na mpini wake mbao tupu isiyovishwa ngozi, hata mkono ukaisikia mbao yenyewe. Yeyote aliyepata kushika chombo cha kazi anajua ladha ya jambo hilo: fundi hataki kitu kati ya kiganja chake na kifaa chake.

Habari za Wimbledon ya mwaka huo zinaweza kusemwa kwa ufupi. Budge alitwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja, wa wawili wawili pamoja na Gene Mako, na wa mchanganyiko pamoja na Alice Marble, vyote katika mashindano mamoja. Katika fainali alimshinda Mjerumani Gottfried von Cramm kwa seti tatu mfululizo. Kwa wanawake Dorothy Round alishinda, na miezi miwili baadaye Anita Lizana wa Chile akashinda Forest Hills, wa kwanza kutoka Amerika ya Kusini kufanya hivyo, ushindi uliostahili sifa nyingi kuliko ulizopata. Lakini la kukumbukwa zaidi lilikuja tarehe 20 Julai, katika uwanja ule ule wa kati, Marekani na Ujerumani zikiwa sare mbili kwa mbili katika Kombe la Davis, na mchezo wa mwisho ukiwa wa Budge na von Cramm tena.

Von Cramm alikuwa mtu wa murua usio na kifani. Mwaka 1935, katika kombe hilo hilo na dhidi ya Wamarekani hao hao, mwenzake alipiga mpira wa ushindi, naye akamwendea mwamuzi na kusema kwamba mpira uligusa raketi yake kabla, jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Pointi ikafutwa na ushindi ukawaponyoka. Sitenganishi insafu ya namna hiyo na ustadi wake, kwani mapigo yake yalikuwa na unyofu ule ule, marefu, kamili, yasiyofanya haraka. Na mpira wake wa pili wa kuanzisha, uliopinda na kuruka juu mpaka begani, ulikuwa silaha iliyowarudisha wapinzani nyuma ya mstari.

Siku hiyo alicheza kuliko siku zote. Alitwaa seti ya kwanza 8–6 na ya pili 7–5. Budge akajibu 6–4 na 6–2. Na katika seti ya tano von Cramm akaongoza 4–1. Hapo ndipo Budge alipoamua jambo ambalo mtu wa kawaida asingaliamua akiwa ukingoni mwa kushindwa. Badala ya kurudi nyuma kuungoja ule mpira wa pili uruke na kushuka, alisogea mbele, akaukuta ukipanda, akaupiga kwa nguvu zake zote na kuufuata wavuni. Ndilo somo lile aliloliokota kwa Perry na Vines, sasa likitendwa juu ya majani, mahali ambapo Perry mwenyewe hakuruhusiwa tena kusimama na raketi. Gemu zikarudi moja moja mpaka nne kwa nne, tano kwa tano, sita kwa sita. Na mwisho, kwa pigo la kiganja alilolipiga akikimbia na kuanguka chini, Budge akaimaliza seti 8–6. Von Cramm alimngoja wavuni, akampa mkono na kumsifu kwa dhati.

Katika hadhira aliketi mtu mwingine wa kulipwa, naye ni Bill Tilden, Mmarekani aliyekuwa nguzo ya nchi yake iliposhika kombe hilo kuanzia 1920 hadi 1926, na ambaye, tangu ajiunge na wachezaji wa kulipwa mwishoni mwa mwaka 1930, hakuweza kulichezea tena. Mwaka huo alikuwa akiwafundisha Wajerumani. Wako wananchi wenzake waliomlaumu kwa hilo; mimi simlaumu, kwa kuwa mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa kwa mkono wa kanuni, na elimu aliyokuwa nayo, ya mizunguko ya mpira na ya kuisoma nia ya mpinzani, ilihitaji mwanafunzi wa kuipokea. Basi pande zote mbili za wavu siku ile palikuwa na elimu ya watu waliokatazwa kucheza hapo.

Marekani iliendelea ikaishinda Uingereza na kulitwaa kombe. Machi mwaka uliofuata von Cramm, ambaye alikataa kujiunga na chama cha Hitler, alikamatwa, akahukumiwa kifungo chini ya sheria iliyoharamisha mapenzi baina ya wanaume. Budge akawa miongoni mwa walioinua sauti kumtetea. Mwaka huo wa 1938 Budge alishinda mashindano yote manne makubwa, ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, jambo ambalo hakuna aliyelitenda kabla yake, kisha akavuka ukuta, na mwanzoni mwa mwaka 1939 akasimama kwenye turubai la Madison Square Garden kuwakabili, kwa zamu, Vines na Perry. Aliwashinda wote wawili.

Namkumbuka zaidi, hata hivyo, mtu ambaye jina lake halitajwi sana, Hans Nüsslein wa Nuremberg. Akiwa bado kijana alipokea fedha kidogo kwa kuwafundisha watu mchezo, na kwa hiyo, kabla hajapata nafasi ya kuonekana, akahesabiwa kuwa wa kulipwa na kufungiwa nje. Hakuwa na mpira wa kutisha. Alikuwa na miguu isiyochoka na mapigo yasiyokosea, akawarudishia wakubwa mipira yao mpaka subira ikawaishia. Mwaka huo huo wa 1937 alishinda mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Wembley, katika mji ule ule wa London wenye majani ya Wimbledon, na katika maisha yake ya ushindani hakupata kucheza mchezo hata mmoja wa ubingwa wa Wimbledon. Wimbledon iliwafungulia wa kulipwa mwaka 1968, Nüsslein akiwa karibu na miaka 60. Ningalipenda kumwona akicheza na Budge Julai ile, seti tano, juu ya majani, na sijui kwa hakika ni nani kati yao angaliondoka na kikombe.