Swali la Baiti 8972

Radi ya Kisii haina simile. Kuanzia Suneka hadi Keroka, na ng'ambo ya Manga mpaka Nyamira, mawingu ya alasiri huja na ngurumo, na msimu wa mvua haupiti bila swichi ya mtu kuungua. Hununuliwa nyingine, nyaya zikachomekwa, taa za kijani zikawaka, watu wakarudi kazini. Kesho yake malalamiko: seva inaitika, nenosiri linakubaliwa, lakini ukifungua saraka yenye mafaili mengi skrini inaganda.

Hapo ndipo ninapompendea fundi wa mtandao. Mwanagenzi hutuma ping, ile pakiti ya kujaribu njia, akaona majibu, akatangaza kwamba mtandao ni mzima na kosa ni la programu. Fundi aliyekomaa haridhiki. Ping ya kawaida kwenye Linux hubeba baiti 56 tu, na mzigo huo hupita popote. Yeye huuliza kwa ukubwa uleule unaoleta shida.

Fremu ya kawaida ya Ethaneti hubeba baiti 1500. Kati ya seva na hifadhi ya data, wengi hupandisha hadi 9000, zile fremu za jumbo, ili faili kubwa ligawanywe vipande vichache na prosesa ipumue. Ondoa 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP, zinabaki 8972. Basi kwenye Linux ataandika ping -M do -s 8972, na kwenye FreeBSD ping -D -s 8972. Hizo herufi za katikati zinakataza pakiti isikatwe. Ukizisahau, pakiti inaweza kugawanywa, ikafika, nawe ukadanganyika.

Kinachosumbua hasa ni ukimya. Ruta ikishindwa kupitisha pakiti isiyokatika, inatakiwa imrudishie mtumaji taarifa. Utaratibu huo uliandikwa mwaka 1990. Swichi haina adabu hiyo: fremu ikizidi kipimo, inatupwa. Nazo seva na hifadhi, zilipoamkiana kwa pakiti ndogo, zilishakubaliana vipande vya baiti 8960 bila kumwuliza aliye katikati. Swichi nyingi hutoka kiwandani na 1500. Ile iliyouawa na radi iliwekewa 9000 na mtu aliyehama zamani, asiandike popote. (Wanaoweka mipangilio vichwani mwao wana mengi ya kujibu.)

Fundi husogea hatua moja moja, seva hadi swichi, swichi hadi hifadhi, akisoma kihesabu cha fremu zilizozidi ukubwa kwenye kila mlango. Pale nambari inapopanda kila atumapo, amefika.

Akisharekebisha, huandika kipimo kwenye faili la mipangilio, maana kipimo kilichowekwa kwenye Linux kwa amri ya ip link husahaulika umeme ukipotea, na umeme utapotea. Kisha hutuma 8972, ipite, halafu 8973. Hii ya pili lazima ikatae. Ikipita, kuna aliyeweka kipimo kingine, na msako unaanza upya.