Nyumba ya Mbao na Mteremko wa Kabambare

Katika lugha ya utawala wa Kongo, nyumba ya matofali na mabati huitwa nyumba ya kudumu, hali ile ya miti na udongo hunyimwa sifa hiyo. Istilahi hii, tuliyoitafsiri kutoka Kifaransa, ndiyo tunayokusudia kuihakiki hapa, kwani imekwisha kugeuka kanuni ya ujenzi.

Anayetaka makazi ya kisasa mashariki mwa Kabambare, nchi inakopanda kuelekea milima ya Mitumba, huanza kwa kuukata mteremko apate kiwanja tambarare kama cha mjini. Mvua kubwa ikinyesha, ukingo uliokatwa humomonyokea ukutani. Tusimlaumu fundi, ramani ilichorwa kwa ajili ya ardhi nyingine.

Wahenga waliisoma ardhi yao. Livingstone, aliyefika Bambarre (yaani Kabambare) mwaka 1869 na baadaye kukwama huko miezi mingi kwa vidonda vya miguu, aliandika kwamba njia za vijiji vya Manyema zilielekezwa mashariki na magharibi ili jua likaushe unyevu upesi, na kwamba nyumba zilikuwa za pembe nne. Basi si kila pembe nne ililetwa na Waungwana kutoka pwani, ingawa neno baraza bila shaka tulilipata kwao.

Mpinzani atatutajia Tongoni, Kasongo ya kale, ambako nyumba zimetoweka. Jina lenyewe linamsaidia, maana tongo ni mahame. Lakini mji ule haukuangushwa na mchwa: ulitekwa na jeshi la Dhanis mwezi wa Aprili 1893, kisha makao yakahamishiwa kwingine.

Nyumba tunayoitetea husimama juu ya nguzo za mvule, mti ambao mchwa hauwezi kwa urahisi. Nguzo za upande wa chini huwa ndefu kuliko za juu. Sakafu ikalala sawa, maji yakapita chini yake, na mlima ukabaki na udongo wake. Ubavu mrefu hufuata mteremko kwa upana, baraza ikitazama bonde, na paa hutokeza mbele ya kuta ili mbao zisilowe. Ubao uliooza hubanduliwa ukatiwa mwingine. Ukuta wa saruji uliopasuka hauna dawa rahisi, na saruji yenyewe husafirishwa kutoka mbali kwa barabara tunazozijua. Hata hivyo mvule hukua polepole mno, na anayekata bila kupanda anamwachia mjukuu wake matofali.

Ni ipi basi iliyo ya kudumu? Wanafunzi wetu watokao Kasongo na Kabambare wangetusaidia kwa kukusanya majina ambayo maseremala wa huko hutumia kwa kila kiungo cha nyumba, kabla ya kuandikwa kamusi nyingine ya ujenzi isiyo na neno la mteremko.