Nyumba ya Mayle na nyumba ya kambini

Kuna kitabu cha Mwingereza mmoja, Peter Mayle, kinaitwa A Year in Provence, kilitoka mwaka 1989. Hapa Asiatique kimezunguka mkono kwa mkono kwa tafsiri ya Kifaransa mpaka jalada limetoka. Vijana ninaosoma nao Jumamosi wamegawanyika: nusu wanakipenda, nusu wanasema ni kitabu cha watu walioshiba. Mimi nasema kitabu ni kizuri, na kuna kitu kinaficha. Nataka niseme yote mawili, maana katika jarida letu hili tunaandika sana kuhusu safari, kuhusu mpaka, kuhusu waliokufa njiani. Kuhusu nyumba tunayoamka ndani yake kila asubuhi, karibu hatuandiki kitu.

Habari yenyewe ni nyepesi. Mayle alikuwa mtu wa matangazo ya biashara. Yeye na mkewe wananunua nyumba ya mawe ya miaka kama 200, kusini mwa Ufaransa, chini ya milima ya Luberon, karibu na kijiji cha Ménerbes. Kitabu kina sura 12, kuanzia Januari hadi Desemba. Januari baridi na ule upepo wao, mistral, vinapasua mabomba ya maji. Februari mafundi wanakuja, wanabomoa jikoni, na baada ya hapo wanapotea. Kuna masoni Didier, kuna fundi bomba Menicucci ambaye kila kitu anacho maelezo yake, hata upepo unatoka wapi. Wanakuja leo, wiki tatu huwaoni. Mwaka unaisha nyumba bado iko wazi. Ndipo mke wa Mayle anapata akili: anawaalika mafundi wote kwenye sherehe ya kumaliza kazi, pamoja na wake zao. Nani atakubali mkewe aone ukuta alioacha nusu? Kazi inaisha haraka haraka kabla ya Krismasi.

Tulicheka sana pale. Fundi wa kusema kesho ni yuleyule, uwe Provence uwe Buyenzi. Lakini uzuri wa kitabu, kwa maoni yangu, hauko kwenye kichekesho. Uko kwenye jinsi mwandishi alivyompa kazi yule msimulizi mkubwa, yaani hali ya hewa. Hasemi tu kwamba nyumba ilikuwa mbovu. Anaacha mwezi useme. Baridi inaonyesha mabomba, mvua inaonyesha paa, joto linaonyesha dirisha lilipokosekana. Mtu anaijua nyumba ya kigeni namna hiyo, kasoro moja kwa msimu mmoja, na kijiji nacho anakijua hivyohivyo. Hilo ni somo kubwa kwa anayetaka kuandika.

Sasa kile kinachofichwa. Mayle akimkosa fundi, anaenda hotelini kula. Sitanii, hesabuni wenyewe: ukurasa wa vumbi, halafu ukurasa wa chakula. Kungoja kwake ni kichekesho kwa sababu hakuna kinachoweza kumtoa pale. Nyumba ni yake, kiwanja ni chake, na nchi ile haimwulizi kila mara atarudi kwao lini. Kwa hiyo anaweza kumpenda fundi anayemchelewesha. Kitabu hakidanganyi juu ya hilo, ila hakiligusi kabisa, kama vile ni hewa tu, kila mtu anaivuta.

Hebu tukipeleke kitabu hiki Cankuzo. Wengi katika wasomaji wetu ni watu wa Uvira, Bukavu, Baraka, watu wa mjini, waliozoea taa na barabara. Mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969 unasema wakimbizi wakae mbali kiasi na mpaka wa nchi walikotoka, kwa usalama. Na baada ya mauaji ya Gatumba, tarehe 13 Agosti 2004, hakuna haja ya kumweleza mtu hapa kwa nini. Basi mwenye duka la simu anajikuta Kavumu, au Bwagiriza kule Ruyigi, juu ya kolini, ndizi pande zote, jogoo na ukungu. Hayo ndiyo maisha ya kijiji ugenini, na nyumba ya kutengeneza ipo. Tofauti ni kwamba hakuichagua kwenye tangazo.

Mwaka wake una miezi pia. Juni hadi Agosti ni kiangazi, ndipo matofali mabichi, rukarakara, yanapofyatuliwa na kuanikwa juani, maana ukichelewa hadi Oktoba yanayeyuka kabla hujayapanga. Septemba unatafuta miti ya paa. Mvua zikianza, ukuta unaliwa kutoka chini, siyo kutoka juu kama wa mjini tunavyodhani. Tone linadondoka kutoka kwenye paa, linapiga ardhi, linaruka na tope, linagonga ukuta. Kwa hiyo anayejua anachimba mfereji, anajenga kibaraza cha udongo kuzunguka nyumba, anarefusha paa litoke nje. Machi na Aprili ndio mtihani wenyewe. Mchwa wao hawana msimu. Mei inapokwisha unakanda udongo na majivu, unaziba nyufa, na unaanza tena. Msichana mmoja wa kikundi chetu, ambaye wazazi wake wako kambini, alinieleza haya yote kwa dakika kumi, nikamwambia: dada, hicho ni kitabu, na kina sura 12.

Hapa nawageukia ndugu wa mashirika mnaotusoma, kwa heshima. Katika ripoti nyumba inahesabiwa siku inapokamilika: makazi kadhaa yamejengwa, picha, basi. Nyumba ya udongo haikamiliki. Inajengwa kila mwaka, na kazi hiyo ya kila mwaka, ambayo mara nyingi ni ya akina mama, haina safu kwenye jedwali. Kitabu cha Mayle, pamoja na shibe yake, kinaijua kazi ya marekebisho kuliko karatasi nyingi ninazopewa kusoma.

Kuna mfano mkubwa zaidi, nao uko ng'ambo ya mpaka. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipelekwa Tanzania kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walipewa mashamba, wakafyeka pori, na nyumba za muda zikawa nyumba za kweli. Mwaka 2007 ukapangwa utaratibu: anayetaka arudi Burundi, anayetaka aombe uraia wa Tanzania. Zaidi ya watu 160,000 wakakubaliwa uraia. Lakini mpango ulisema wahame makazi yale, watawanywe mikoa mingine. Baadaye uhamisho ukasimamishwa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014, wakaruhusiwa kubaki. Fikiria miaka ile ya katikati. Unaezeka upya paa la nyumba utakayoambiwa uiache? Unapanda mwembe? Hapo fundi hakuchelewa hata kidogo. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeshindwa kumwita. Mayle hana sura ya mwezi wa namna hiyo, na wanaoiga kitabu chake (wapo wengi, kuna hata Mmarekani Frances Mayes na nyumba yake ya Italia) hawana pia.

Waliorudi Burundi nao walikuta nyumba zina watu ndani, hasa Rumonge na Nyanza-Lac. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006 kwa kesi kama hizo. Mtu anabisha hodi kwenye parseli ya baba yake, anafungua mtu aliyezaliwa humo. Sijasoma bado mtu aliyeiandika hodi hiyo kwa Kiswahili kwa utulivu, bila kuigeuza kuwa hotuba.

Mtafiti Liisa Malkki aliishi Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, akaandika Purity and Exile, 1995. Aliona kwamba wa kambini walishika sana historia yao na jina la mkimbizi, na wa mjini walijichanganya, leo hivi, kesho vile. Ni kitabu kizito na nakiheshimu. Ila mimi natamani aliyeishi humo angetupa na kuta: dirisha lilielekea wapi, nani alimkopesha nani nyundo.

Jambo moja la Mayle silipendi, na nimeanza kuliona katika maandishi yetu. Wenyeji wake wanachekesha wote. Jirani Massot mchafu na mbwa wake, mkulima Faustin na maneno yake machache. Ni watu wa kufurahisha mgeni. Kijana mmoja ametuletea insha ya namna hiyo kuhusu Warundi wa kolini: jinsi wanavyosalimiana taratibu, jinsi wanavyoshangaa simu yake. Imeandikwa vizuri, inachekesha, na nimemwomba aiandike upya. Kwa nini? Kwa sababu katika insha hiyohiyo, mistari miwili tu, anataja kwamba paa lao liliinuliwa na majirani wa kolini waliokuja bila kuitwa. Warundi wanaiita ikibiri, sisi kwetu tunasema salongo, ingawa salongo ya serikali ilikuwa na fimbo ndani yake. Hiyo mistari miwili ndiyo insha. Simu iondoke.

Na sisi wa mjini tusijione. Jina la kartye hii tu lasema ni kina nani walikuja: Wahindi na Waarabu wafanyabiashara, wakati mji unaitwa Usumbura na Mbelgiji anapanga kila rangi na mahali pake. Waswahili wakapewa Buyenzi. Nyumba za hapa, duka mbele na familia nyuma, zimebomolewa na kuzibwa mara nyingi sana, mlango uliogeuzwa dirisha unaonekana bado kwenye plasta. Wote waliozitengeneza walikuwa ugenini wakati mmoja au mwingine. Hakuna aliyeandika Januari yake.

Mayle mwenyewe hakubaki katika nyumba ile. Kitabu kilipouzwa sana, wasomaji walianza kumjia mlangoni kutoka kila nchi, akaondoka, akakaa Marekani miaka kadhaa, kisha akarudi Provence kijiji kingine, Lourmarin. Alifariki mwaka 2018. Nakala yetu iko kwa yule msichana wa Kavumu sasa. Amesema ataanza sura yake na Aprili, siyo Januari, na kwamba mchwa watakuwa na sura yao peke yao.